Theda Bara: binti wa mshoni aliyegeuzwa jini

Katika miaka ya themanini, vidio ilipokuwa bado ni kitu cha watu kuandamia, jirani yetu mmoja hapa Mombasa alikuwa nayo, na sisi vijana tukishatoka chuoni jioni tulijua ni nyumba gani ya kupita. Mchana tulikuwa tumekaa mkekani mbele ya mwalimu, usiku tukakaa mkekani mbele ya Dracula. Tuliona joho lake jeusi, tukaona makaburi yaliyotanda ukungu, popo, na maiti wanaoinuka. Dada yangu mkubwa alikuwa akiketi nyuma na wanawake wenziwe, na kila msichana wa filamu alipokimbia akajikwaa na kuanguka, dada alicheka. Aliuliza ni kwa nini wanawake wa Kizungu hawajui kukimbia. Aliuliza tena ni kwa nini msichana aliyeonywa kufunga dirisha hulala nalo wazi, na nguo ya kulalia ikawa ni hariri nyepesi katika nchi yenye theluji. Sisi tulimnyamazisha tupate kusikia vizuri.

Wanawake katika picha zile walikuwa wa namna mbili tu. Mmoja ni yule anayepiga ukelele, ambaye kazi yake ni kuogopa, kuzirai na kuokolewa. Wa pili ni yule anayeuma, naye kazi yake ni kuwa mzuri, kutamanisha, kisha kuuawa. Wa tatu sikumwona, na wakati ule hata sikumtafuta.

Swali la dada nimekuja kulifahamu baada ya miaka mingi, niliposoma maisha ya mchezaji mmoja wa senema wa Marekani aliyefariki mwaka 1955. Jina lake la senema ni Theda Bara. Hakucheza filamu ya kutisha kwa maana tunayoijua leo, kwa kuwa zama zake filamu za namna hiyo zilikuwa bado hazijapata hata jina. Lakini huyo mwanamke wa pili, anayeuma, alizoeshwa macho ya mamilioni ya watu kwa sura yake yeye. Nasi watu wa pwani tuna sababu yetu ya kumjua, maana alipotakiwa kuwa kitisho, kwanza alifanywa Mwarabu.

Alizaliwa tarehe 29 Julai 1885 katika mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, akaitwa Theodosia Burr Goodman. Babake, Bernard Goodman, alikuwa Myahudi aliyehamia kutoka Poland, naye alikuwa mshoni. Mamake asili yake Uswisi. Hakuna jangwa katika habari hizi, wala ngamia, wala sheikh. Ni nyumba ya watu wa kawaida, yenye cherehani na vitabu. Theodosia alimaliza sekondari mwaka 1903, akaingia Chuo Kikuu cha Cincinnati akasoma kama miaka miwili, jambo ambalo wasichana wengi wa siku zile hawakulipata. Kisha akaenda New York kutafuta kazi ya jukwaani. Mwaka 1908 alipata nafasi katika mchezo wa kuigiza kwa jina la ukoo wa mamake, de Coppett. Baada ya hapo ni miaka ya kuhangaika, kama wachezaji wote wasiojulikana: leo ana kazi, kesho hana, anasafiri na kikundi, anarudi New York. Alipofika miaka 29 bado hakuna aliyemjua, na katika kazi ile mwanamke wa miaka 29 alihesabiwa kuwa siku zake zapita.

Hapo mwaka 1914 akakutana na mwongozaji Frank Powell, aliyempa nafasi ndogo katika filamu moja, kisha akamchagua kwa filamu nyingine ya bwana tajiri William Fox. Filamu hiyo iliitwa A Fool There Was, yaani Palikuwa na Mpumbavu, na ilitoka Januari 1915.

Inapasa nirudi nyuma kidogo, kwa kuwa mpumbavu huyo ana nasaba. Mwaka 1897, huko London, mchoraji Philip Burne-Jones alionyesha picha ya mwanaume aliyelala kitandani hana fahamu, na juu yake ameinama mwanamke mwenye nywele ndefu. Picha aliipa jina la mnyonya damu. Binamu yake, Rudyard Kipling, aliitungia shairi lenye jina hilo hilo. Mwaka ule ule Bram Stoker akatoa kitabu chake cha Dracula. Katika kitabu cha Stoker mnyonya damu ni maiti asiyekufa, na mtu aliweza kusema ni hadithi tu, akafunga kitabu akalala. Katika picha na shairi la mabinamu hawa wawili hakuna maiti wala jeneza. Mnyonya damu ni mwanamke tu, mwanamke yeyote aliyependwa na mwanaume kisha asimpende. Shairi hilo likazaa mchezo wa jukwaani mwaka 1909, na mchezo ukazaa filamu ya Fox.

Kisa chenyewe ni hiki. Bwana mmoja mwanasheria, tajiri, mwenye mke mwema na binti mdogo, anatumwa Uingereza na serikali. Mkewe anabaki nyumbani kumwuguza ndugu yake. Melini yumo mwanamke mzuri aliyekwisha kuwaharibu wanaume kadhaa. Kijana mmoja wao anamfuata mpaka sitahani na bastola; yeye anamcheka, naye kijana anajiua pale pale. Maiti inaondolewa, kiti kinasogezwa mahali pale pale penye damu, na mwanamke anaketi kumsubiri bwana mwanasheria. Basi anamteka. Wanakaa Italia, bwana anapoteza kazi, anapoteza heshima, anakuwa mlevi wa kutambaa sakafuni. Mkewe anakuja kumchukua, bintiye anakuja kumlilia, na kila akikaribia kusimama yule mwanamke anatokea mlangoni, naye anaanguka tena. Mwishoni anamnyunyizia maua ya waridi mwilini.

Wasomaji wangu wazingatie jambo moja. Bwana ana jina, John Schuyler. Mkewe ana jina. Hata wale wanaume wengine walioharibiwa wana majina. Mwanamke hana. Ameandikwa Mnyonya Damu, basi. Hatuambiwi ametoka wapi, alilelewa na nani, anataka nini na uharibifu wote ule. Hata fedha haionekani kumfurahisha sana. Anaharibu kama moto unavyounguza. Na bwana mwenye umri wa kutosha, mwenye elimu ya sheria, aliyeaminiwa na serikali yake kusafiri bahari, anaonyeshwa kama mtoto aliyeokota kisu.

Kisa hiki nilipokisoma nilikumbuka jini letu la njiani. Hakuna mtu wa Mombasa asiyelijua: mwanamke mzuri aliyevaa buibui, ananukia udi, anasimama kando ya barabara usiku wa manane kuomba lifti, na mwenye gari akiangalia chini anaona kwato. Nimelisikia barazani mara hesabu isiyojulikana. Katika mara zote hizo sijasikia mtu akiuliza yule mwenye gari alikuwa akienda wapi saa nane za usiku, na kwa nini alisimama.

Filamu ilipata watu wengi ajabu, na fedha zake ndizo zilizomsaidia William Fox kuisimamisha kampuni yake, ambayo jina lake lingali likisikika mpaka leo. Theodosia alikuwa akilipwa dola 150 kwa wiki. Lakini Fox aliona kwamba binti wa mshoni wa Cincinnati hawezi kuuza tikiti. Watu wake wa matangazo wakakaa wakamtungia maisha mengine.

Wakasema amezaliwa Misri, chini ya kivuli cha Abul-Haul, ile sanamu kubwa ya jiwe iliyo karibu na mapiramidi. Wakasema babake ni sheikh wa jangwani, mara nyingine wakasema ni msanii wa Kiitalia, na mamake ni mchezaji wa Kifaransa. Wakasema amelelewa na mchanga na nyota na kwamba ana elimu ya siri za kale. Jina lake la senema, ambalo lilikuwa ni kifupi cha Theodosia likiungwa na kipande cha jina la ukoo wa upande wa mamake, wakalifanyia hisabu: wakatangaza kwamba herufi zake zikipangwa upya kwa Kiingereza zinatoa maneno mawili, Arabu na Mauti. Magazeti yakalichukua. Kila msomaji wa Chicago na New York akaweza kukaa na kalamu yake mezani akapanga herufi na kuona kwa macho yake kwamba ni kweli. (Sisi wa pwani, jina la Bara latukumbusha gari moshi la Nairobi, lakini hilo hawakulijua.)

Wakampiga picha amepiga magoti mbele ya kiunzi cha mifupa ya mtu, nywele zimemwagika. Wakampiga picha na kunguru, na fuvu, na nyoka. Macho yalipakwa wanja mzito mpaka yakawa mashimo. Na mwanzoni mwa 1915 wakawaita waandishi wa habari katika hoteli moja ya Chicago wakutane naye. Nje ilikuwa ni baridi ya mji ule, lakini chumba kilifungwa, kikatiwa mapazia mazito, kikatiwa joto, kikafukizwa manukato. Katikati akaketishwa yeye amefunikwa manyoya, kwa kisingizio kwamba mtu wa jangwani haiwezi baridi ya Marekani. Akajibu maswali kwa lafudhi ya kigeni. Waandishi waliporuhusiwa kuondoka, mmoja wao alikuwamo chumbani bado, au alirudi, Louella Parsons, ambaye baadaye alikuja kuwa na jina kubwa katika habari za senema. Huyo alisimulia kwamba Theda alirukia dirisha, akalisukuma wazi, akatweta kutafuta hewa, na Kiingereza kilichomtoka kilikuwa ni cha Ohio.

Hiyo ndiyo picha yake ninayoipenda kuliko zile zenye mafuvu.

Sasa, ni kwa nini Mwarabu? Waliweza kumfanya Mrusi au Mhispania. Nadhani ni kwa sababu hofu hununulika vizuri ikiwa imetoka mbali. Mke mwema katika filamu ile alikuwa Mmarekani mweupe; bwana aliyeharibiwa vile vile. Balaa ilibidi itoke kwa watu ambao mtazamaji hana jirani miongoni mwao wa kumwuliza. Wamarekani waliowahi kuzungumza na mwanamke wa Kiarabu mwaka 1915 walikuwa wachache mno, basi kila kilichosemwa juu yake kilikubalika. Na kinyume kimoja hakikumshughulisha mtu: filamu na magazeti yale yale yalipotaka kumwonyesha mwanamke wa Mashariki kwa upande wa pili, yalimwonyesha amefungiwa nyumbani, hana sauti, mnyonge wa kuhurumiwa. Mwanamke mmoja awaje mfungwa asiyeweza kutoka mlangoni na papo hapo awe mwindaji anayemaliza wanaume wa dunia nzima? Lakini mwenye kuuza haulizwi swali hilo.

Tena tuuangalie mwaka wenyewe. Mwaka 1915 wanawake wa Marekani walikuwa wakiandamana barabarani kudai kura. Mwezi Novemba mwaka huo wanaume wa jimbo la New York waliulizwa kama wawape, wakakataa. Walikuja kukubali mwaka 1917, na nchi nzima mwaka 1920. Miaka hiyo hiyo, 1915 mpaka 1919, ndiyo miaka ya Theda Bara. Sisemi kwamba William Fox alikaa akapanga kuwapinga wenye kudai kura. Fox alipanga kuuza tikiti. Lakini ajuaye kuuza hujua watu wanaogopa nini mwaka huo.

Yeye mwenyewe alikuwa na maoni yake, na aliyatoa. Aliwaambia waandishi kwamba uso wake ndio wa mnyonya damu, lakini moyo wake uko pamoja na wanawake wanaodai haki. Akaeleza kwamba yule anayemcheza ni kisasi cha wanawake kwa wanaume wanaowatumia na kuwatupa. Wako wanaomsifu kwa hoja hiyo, wakasema alikigeuza kisu mkononi mwa adui. Mimi nimeitafakari na naiona ni hoja ya mtu aliyetafuta namna ya kuishi na kazi yake. Kisasi kina sababu, na filamu hazikumpa sababu hata moja. Wala hakuwa mjinga. Alikuwa msomaji, na wazazi na ndugu zake walikuwa wakimtegemea. Mshahara ulipanda kutoka dola 150 mpaka kufikia 4,000 kwa wiki. Mwaka 1917 aila nzima ya Goodman ilibadilisha jina kisheria ikawa aila ya Bara. Yaani uongo ulimvuka yeye ukafika mpaka kwa mshoni babake.

Aliomba apewe sehemu nyingine. Alicheza Juliet wa Shakespeare mwaka 1916, na mwaka huo huo akacheza East Lynne, kisa cha mama aliyejuta. Watu walikuja kwa uchache. Wakampa Carmen, Cleopatra, Salome, na watu wakajaa. Cleopatra ya mwaka 1917 ilipigwa huko California kwa fedha nyingi, na mavazi yake yalikuwa ni machache mno hata bodi za kukagua filamu za miji kadhaa zikakata vipande. Alipokea barua za matusi kutoka kwa watu waliodhani anachokifanya kwenye kitambaa cheupe anakifanya nyumbani. Nyumbani alikuwa akiishi na wazazi wake.

Nami nina langu la kukiri, na nisipolikiri hapa sitakuwa na haki ya kumsema Fox. Nilipokuwa na miaka ishirini na kitu nilitunga shairi juu ya mtu mmoja wa mtaa wetu aliyefilisika. Alikuwa na duka, likafungwa, na watu wakasema mke wake wa pili ndiye aliyemla. Nikaandika beti kumi na mbili, vina vya kati na vya mwisho vimelingana barabara, nikamwita yule mwanamke ruba, nikamwita nyoka, nikamwita jini. Lilichapishwa, na barazani nikapewa kahawa ya bure. Nilijua, kama walivyojua wote waliokaa pale, kwamba yule bwana alikuwa akicheza karata kila usiku. Karata sikuitia katika shairi. Haikuwa na ladha, na tena wenye kucheza naye ndio waliokuwa wakinisifu. Miezi kadhaa baadaye nilikutana na yule mama Marikiti, amebeba kikapu. Akanisalimu kwa jina langu, akaniita mwanangu, akaniuliza hali ya mamangu, akaenda zake. Sijui kama aliwahi kusomewa lile shairi. Nililitoa katika diwani yangu, lakini gazeti halitolewi mtu akishalinunua.

Basi turudi kwa Theda. Mwaka 1919 alipata nafasi ya kucheza msichana mwema wa Kiairish katika filamu ya Kathleen Mavourneen. Ilikuwa ni balaa. Baadhi ya Wairish wa Marekani walighadhibika kwamba binti yao anachezwa na mwanamke wa namna ile, tena Myahudi, na baadhi ya majumba ya senema yakafanyiwa fujo. Miaka minne alikuwa ameuzwa kama mwovu, na sasa wanunuzi hawakumruhusu kutubu. Mwaka huo huo akaachana na Fox. Alikuwa amecheza kiasi cha filamu 40, karibu zote katika miaka mitano.

Mwaka 1920 alirudi jukwaani katika mchezo uitwao The Blue Flame, yaani Mwali wa Buluu, na hapa ndipo maisha yake yanapogusana waziwazi na filamu za kutisha zilizokuja baadaye. Kisa ni cha msichana mwema anayeuawa na radi. Mchumba wake ni mwanasayansi asiyeamini Mungu, naye ana mtambo wa kufufua wafu. Anamfufua. Mwili unainuka, roho hairudi, na yule msichana mcha Mungu anageuka kuwa mwovu wa kuwinda wanaume mpaka kuua. Mwishoni bwana anazinduka, ilikuwa ni ndoto. Wahakiki waliusaga mchezo ule, na watazamaji walicheka mahali pasipo pa kucheka, ingawa majumba yalijaa. Lakini angalia ulivyopangwa: wanawake wote wawili, mwema na mwovu, wamewekwa katika mwili mmoja, na mwenye ufunguo wa kumtoa huyu na kumtia yule ni mwanaume mwenye mtambo. Miaka 15 baadaye, mwaka 1935, Elsa Lanchester alicheza mchumba wa zimwi la Frankenstein. Alitengenezwa na wanaume wawili katika chumba cha mitambo ili awe mke wa zimwi. Hakupewa neno hata moja la kusema. Hupiga ukelele na kufoka, na sauti ile ya kufoka aliiga kwa mabata maji wa London. Alipokataa kuolewa, jengo lote liliangushwa juu yake. Alionekana dakika chache tu, naye ndiye filamu imeitwa kwa jina lake.

Ndivyo walivyokuwa wote. Wake watatu wa Dracula katika filamu ya 1931 wanatembea kwa nguo nyeupe na hawasemi kitu. Fay Wray, katika King Kong ya 1933, alilazimika kuingia studio akanasiwe kelele za kuogopa moja baada ya nyingine, ziwekwe akibani zitumike panapohitajika. Simone Simon, mwaka 1942, alicheza mwanamke mgeni kutoka Serbia anayeogopa kwamba akibusiwa na mumewe atageuka chui. Kila mara ni wale wawili wa dada yangu, anayepiga ukelele na anayeuma, na huyu wa pili mara nyingi ana lafudhi ya nchi za mbali.

Theda aliolewa mwaka 1921 na Charles Brabin, mwongozaji wa filamu mzaliwa wa Uingereza. Ndoa ilikuwa njema na ilidumu mpaka kifo chake. Hawakupata watoto. Yasemekana bwana hakupenda mkewe arudi kazini. Alijaribu mara moja mwaka 1925, kisha mwaka 1926 akacheza filamu fupi ya kuchekesha ambamo alijikejeli mwenyewe, akaacha kabisa. Wageni walioalikwa nyumbani kwao California walimsifu kwa meza yake na kwa mazungumzo yake.

Huyo bwana Brabin, mwaka 1932, alipewa kuongoza filamu ya kutisha ya The Mask of Fu Manchu. Boris Karloff alicheza mwovu wa Kichina, na bintiye, ambaye hufurahi kuona wanaume wakipigwa mijeledi, alichezwa na Myrna Loy. Myrna Loy alizaliwa Montana. Walimvuta macho kwa rangi, wakamvalisha hariri, wakamwambia awe balaa la Mashariki. Nafikiri jioni ambazo Brabin alirudi nyumbani kutoka kazi ile, akakaa kula na mwanamke aliyekuwa binti wa sheikh wa jangwani miaka 17 nyuma yake. Walizungumza nini? Kama walizungumza, hayakuandikwa.

Tarehe 9 Julai 1937, katika mji mdogo wa Little Ferry, New Jersey, ghala ya kampuni ya Fox ilishika moto. Filamu za zamani zilitengenezwa kwa ukanda unaoshika moto upesi kuliko karatasi, na joto la Julai lilitosha. Karibu kazi yote ya Theda Bara iliteketea humo. Katika filamu zake kiasi cha 40, zilizobaki nzima ni kama sita, na katika hizo mbili ni vichekesho vifupi vya mwisho. Cleopatra, iliyoshangaza dunia, vimebaki vipande vya sekunde. Juliet wake hayupo. Msichana wake wa Kiairish hayupo. A Fool There Was ndiyo iliyookoka, nzima, na Mnyonya Damu asiye na jina bado yumo ndani yake ananyunyiza maua.

Zilizobaki nyingi ni picha za matangazo: kiunzi cha mifupa, nyoka, macho ya wanja. Mwaka 1994 Posta ya Marekani ilimtolea stempu, na mchoraji alimchora na macho yale yale. Nilipomwonyesha dada yangu, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu, moja ya zile picha za mifupa, aliivuta karibu na miwani yake akaiangalia kwa muda. Akasema huyu mtoto amechoka, wangempa maji.

Alifariki Los Angeles tarehe 7 Aprili 1955 kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na miaka 69. Mumewe alimfuata miaka miwili baadaye. Majivu yake yamewekwa katika maziara ya Forest Lawn, Glendale, na jina lililoandikwa hapo ni Theda Bara Brabin.